Ndugu wawili, chakula kimoja, meno tofauti: je, mate ya mwanangu yamepungukiwa kinga?

Mama Wawili, Tanga

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Ninaandika kutoka Makorora, Tanga mjini, na swali langu linahusu meno ya mwanangu wa pili, ambaye ametimiza miaka mitatu mwezi uliopita.

Meno yake manne ya mbele ya juu yameliwa. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi niliona mstari mweupe kama wa chokaa karibu na fizi, nikadhani ni ukoga wa maziwa, nikaupangusa kwa kitambaa na haukutoka. Baadaye mstari ule ukawa wa kahawia, kisha meno yakaanza kumeguka kidogo kidogo, na sasa yale mawili ya katikati yamebaki visiki vyeusi. Magego ya juu yana vitundu. Meno ya chini ya mbele ni meupe na hayana kasoro yoyote. Kaka yake ana miaka saba, yuko darasa la kwanza, na hana jino hata moja lililotoboka, ingawa wanakula sahani moja, wanapigishwa mswaki kwa dawa ileile, na anayependa ubuyu na kashata ni huyo mkubwa.

Kilichonifanya niandike ni kwamba huyu mdogo anaugua mara kwa mara. Mafua hayamtoki, kikohozi kinakwenda na kurudi, na mwaka huu masikio yamemsumbua mara tatu. Mahali nilipompeleka kutibiwa niliambiwa kwamba kuoza kwa meno yake ni dalili ya kinga dhaifu, kwamba siku hizi kuna kipimo cha mate kinachoonyesha kiasi cha kingamwili za kinywani, na kwamba nikikipata nitajua kwa nini mate yake hayalindi meno. Niliuziwa pia vidonge vya kutafuna vya kuongeza kinga, ambavyo mtoto anavipenda sana kwa sababu ni vitamu.

Naomba kuelimishwa na wanaojua. Je, ni kweli kwamba mate yana kinga ya kulinda meno? Na je, kipimo hicho kinaweza kunieleza kwa nini mtoto mmoja ameoza meno na mwingine hakuoza? Fedha si nyingi, lakini kama kipimo kitamsaidia mwanangu nitazitafuta.

Tabibu wa Kinywa, Bagamoyo

Wa aleikum salaam, dada yangu, na pole kwa mahangaiko. Ninafanya kazi ya tabibu wa meno hapa Bagamoyo kwa miaka mingi, na kinywa ulichokieleza nimekiona kwa watoto wengi. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu jibu lake ni ndiyo, mate yana kinga, tena ya aina nyingi.

Mate ni maji kwa asilimia 99 hivi, na katika hicho kidogo kilichobaki ndimo yalimo madini pamoja na walinzi wa kinywa. Kingamwili iliyo nyingi zaidi humo huitwa IgA. Hutengenezwa na chembe zinazokaa ndani ya tezi zenyewe za mate, hufungwa mbilimbili, kisha huvushwa hadi kinywani ikiwa imevikwa kipande cha protini kinachoizuia isiharibiwe na vimeng'enya. Kazi yake kubwa ni kuwashika bakteria na kuwagandanisha ili wasipate kushikamana na jino, nao humezwa pamoja na mate. Kingamwili nyingine, IgG, hutoka kwenye damu na kuvujia kinywani kupitia ukingo wa fizi. Kisha kuna laisozaimu, ambayo Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, na ambayo huvunja ukuta wa bakteria. Kuna laktoferini, inayowanyima bakteria madini ya chuma. Na kuna protini fupifupi ziitwazo difensini, ambazo baadhi yake hutoka katika chembe nyeupe za damu. IgA, laisozaimu na laktoferini zimo pia katika maziwa ya mama, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuyasifu.

Kwa hiyo aliyekuambia kwamba mate yana kinga hakukosea. Ninapotofautiana naye ni pale alipoyatazama meno ya mwanao na kuona kinga dhaifu.

Rudia kusoma ulichokiandika mwenyewe: meno ya juu ya mbele yameliwa, na ya chini ya mbele ni meupe. Hayo ni meno ya mtoto mmoja, yanayolishwa na damu moja na kulindwa na kinga moja. Kama upungufu ungekuwa katika kingamwili za mate, ningetarajia meno ya chini nayo yadhurike, kwa kuwa ndiyo yanayooga katika mate hayo kutwa kucha. Tezi za chini ya taya na za chini ya ulimi humwaga mate yake papo hapo nyuma ya meno ya chini ya mbele, na mtoto anyonyapo chupa, ulimi wake huyafunika. Meno ya juu ya mbele yako mahali ambapo utando wa mate ni mwembamba na huenda polepole kuliko karibu sehemu nyingine zote za kinywa, na hapo ndipo maziwa au uji hukaa mtoto akisinzia. Hivyo mate ya mwanao yanafanya kazi. Tazama yalipofika na tazama yasipofika.

Nieleze pia habari ya muda, kwa maana wazazi wengi huulizwa kiasi cha sukari na hawaulizwi mara ngapi. Bakteria waliomo katika ukoga wakipata sukari hutoa asidi ndani ya dakika chache. Kipimo cha asidi, yaani pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini huanza kutoka katika tabaka gumu la nje ya jino. Mate huja yakaipooza asidi hiyo na kurudisha madini, lakini huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuimaliza kazi. Mtoto anayekula kashata mbili kwa mkupuo baada ya chakula cha mchana huyapa mate saa nyingi za kutengeneza kilichoharibika. Anayenyonya kidogo kidogo, akaacha, akarudia, huyakatiza kila mara. Na usiku mtu anapolala mate hukaribia kukoma kabisa, kwa mkubwa na kwa mdogo, hata kinga iwe kamili namna gani.

Kuna jambo jingine linalonishawishi. Wapo watu waliozaliwa bila IgA, na wanapochunguzwa meno hawaonekani kila mara kuoza kuliko wenzao, kwa kuwa kingamwili nyingine iitwayo IgM huziba sehemu ya pengo hilo. Lakini mtu aliyepungukiwa na mate yenyewe, kwa mfano aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye shingo na tezi zake zikakauka, meno yake huweza kuharibika kwa miezi tu. Mimi hujifunza hapo kwamba kwanza tuulize kama mate yanafika na kama yanapewa nafasi, na baadaye kabisa tuulize yana kingamwili kiasi gani.

Sasa naomba unijibu mambo matatu bila kuona haya, kwa maana hakuna anayekulaumu. Mtoto hulalaje usiku, akiwa na chupa au bila chupa? Hulala kinywa wazi na kukoroma? Na dawa za kikohozi na mafua alizopewa zilikuwa za maji, na alikuwa akinywa saa ngapi? Vile vidonge vitamu vya kutafuna ningeviacha leo hii, maana kila kidonge ni sukari inayong'ang'ania kwenye magego.

Mtu wa Maabara, Tanga

Tabibu amelieleza vema, nami niongeze upande wa kipimo, kwa kuwa ninafanya kazi ya maabara na swali la mama linanihusu.

Kupima IgA ya mate kunawezekana, na watafiti hufanya hivyo. Ugumu unaanzia kwenye kuyapata mate yenyewe. Mtoto hukalishwa, huinamisha kichwa, na mate huachwa yadondoke katika kikombe kidogo, akiwa hajala wala kupiga mswaki kwa muda uliopangwa, na kwa saa ileile kwa watoto wote, kwa sababu kiwango hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Kikombe huwekwa kwenye barafu mara moja, la sivyo vimeng'enya vya kinywani huzila protini tunazotaka kuzipima. Mtoto akilia, mate huongezeka au hupungua na kipimo huyumba. Mate yakitoka mengi, IgA iliyomo huonekana chache kwa kila mililita kwa sababu imechanganywa na maji mengi, ingawa jumla yake haijapungua. Fizi ikivuja damu kidogo, kingamwili za damu huingia humo na kuharibu hesabu. Mimi nimewahi kukusanya mate ya watoto wa miaka mitatu, na ninaweza kusema kwamba kumtuliza mtoto wa umri huo adondoshe mate kwa dakika tano bila kucheka, kulia wala kumeza ni kazi kubwa kuliko upimaji wenyewe.

Halafu kuna umri. Mtoto huzaliwa akiwa karibu hana IgA katika mate, huanza kuitengeneza katika wiki za mwanzo za maisha, na kiwango huendelea kupanda kadiri anavyokua. Mama, ukiwapima wanao wawili leo, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka saba, kuna uwezekano mkubwa wa kukuta mkubwa ana zaidi, na utaambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu ya meno yake kusalimika, ilhali umepima umri.

Kuhusu tafiti zenyewe, nimezisoma nyingi na hazisemi neno moja. Zipo zilizokuta kwamba watoto wasio na meno mabovu wana IgA nyingi zaidi, na waandishi wakasema kinga hiyo iliwalinda. Zipo zilizokuta kinyume chake, kwamba wenye meno mabovu ndio wenye IgA nyingi, na waandishi wakasema mwili umeongeza kinga kwa sababu ya wingi wa bakteria. Maelezo yote mawili yanawezekana, na ndiyo maana kipimo cha siku moja hakitoshi kuamua: kinakuonyesha moto na maji mahali pamoja, wala hakikuambii kilichotangulia. Vivyo hivyo kwa saitokini, zile protini ambazo chembe za kinga hutumiana kama ujumbe. Kuzikuta nyingi katika mate ya mtoto mwenye meno yaliyooza kunaweza kuwa ni matokeo ya uvimbe uliokwisha kuwapo.

Ule ulionivutia zaidi ulichapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani. Walipima mate ya watoto wa shule 149 na kukuta kwamba wale wasio na meno yaliyooza walikuwa na difensini zaidi za aina inayotoka katika chembe nyeupe za damu. Protini nyingine mbili za ulinzi walizozipima katika mate yaleyale hazikuonyesha uhusiano na kuoza. Ni jambo la kutia moyo, na huenda siku moja likasaidia kuwatambua watoto walio hatarini kabla jino halijatoboka. Lakini hadi sasa hakuna mstari uliokubaliwa, wa kusema kwamba chini ya namba hii mtoto ataoza meno na juu yake hataoza. Kipimo kisicho na mstari huo kinafaa kwa utafiti wa watoto wengi, na hakifai kumwamulia mama mmoja. Ningekushauri fedha hizo uzitumie kumpeleka mtoto kwa tabibu wa meno.

Bibi wa Pangani

Wanangu, hamjambo. Nimefurahi kusoma majibu yenye staha. Nina swali moja dogo. Sisi tulilea kwa kumtafunia mtoto chakula, samaki au kipande cha muhogo, kisha tunamtia kinywani. Binti yangu sasa ananikataza nisimfanyie hivyo mjukuu, anasema mate yangu yatamwambukiza mdudu wa jino. Je, mate ya mtu mzima yenye hiyo kinga mliyoitaja hayamsaidii mtoto?

Tabibu wa Kinywa, Bagamoyo

Shikamoo, Bibi. Binti yako ana hoja, ingawa neno "mdudu" linapotosha kidogo. Hakuna funza ndani ya jino. Kuna bakteria, na mashuhuri kati yao ni yule aliyepewa jina la Streptococcus mutans na J. Kilian Clarke huko Uingereza mwaka 1924. Mtoto hazaliwi naye. Humpata kwa watu wanaomlea, mara nyingi mama au bibi, kwa mate, hasa meno yanapokuwa yanatoka. Kingamwili chache zinazopita katika tonge la kutafuniwa humezwa papo hapo, lakini bakteria hubaki na kuzaliana. Kwa hiyo ni afadhali chakula kipondwe kwa kijiko. Ila nakuomba usijione kuwa ndiwe uliyeharibu meno ya wajukuu, kwa sababu bakteria huyo bila sukari ya mara kwa mara hana nguvu kubwa. Jambo lenye faida zaidi kwako na kwa binti yako ni kuzibwa meno yenu yenyewe yaliyotoboka, ili idadi ya bakteria mnaowagawia watoto ipungue.

Mama Wawili, Tanga

Nawashukuru sana. Nimeyasoma majibu haya mara mbili, na jana usiku nikakaa kitandani kumtazama mtoto.

Analala na chupa. Nilimwachisha ziwa mapema kwa sababu nilirudi kazini, na dada anayenisaidia alikuwa akimpa chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari ili alale, na mimi nikaendelea hivyo. Usiku huamka mara mbili au tatu, nami humpa ileile anyonye tena. Kaka yake alinyonya ziwa hadi miaka miwili na hakuwahi kuijua chupa. Sikuwahi kulihesabu hilo kuwa ni tofauti, kwa sababu nilikuwa nikiangalia sahani zao za mchana.

Pia anakoroma. Niliweka mkono karibu na pua yake na sikuhisi pumzi. Alikuwa anahema kwa kinywa, na midomo yake ilikuwa mikavu hadi imepasuka. Na dawa za kikohozi zote zilikuwa za maji, tamu, na kipimo cha mwisho nilikuwa nampa akiwa tayari kitandani, baada ya kupigishwa mswaki.

Swali langu la mwisho ni juu ya chonge zake za juu. Jana nilimwinua mdomo kwa kidole na kutumia tochi ya simu, nikaona mstari mweupe uleule nilioupuuza kwenye meno ya mbele. Je, nimechelewa tena?

Tabibu wa Kinywa, Bagamoyo

Dada yangu, hujachelewa kwa chonge.

Kwanza naomba nikuonyeshe jinsi mambo yalivyoshikana. Ulifikiri kinga dhaifu ndiyo iliyoleta magonjwa na meno mabovu kwa pamoja. Inaelekea zaidi kwamba mafua na pua iliyoziba vilimfanya ahemee kinywani, kinywa kikakauka, mate yakapungua hata yale machache ya usiku, na juu ya ukavu huo zikamiminwa dawa tamu na maziwa ya sukari. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo amtazame kama ana nyama za nyuma ya pua zilizovimba, kwani masikio kuuma mara tatu kwa mwaka pamoja na kukoroma ni sababu tosha ya kuchunguzwa. Akiona haja ya kupima kinga ya mwili kwa jumla, atapima damu kwa ajili ya magonjwa hayo, na hilo ni suala tofauti na meno.

Chupa usiikate kwa usiku mmoja, maana hamtalala nyote wawili. Acha sukari kwanza, kisha kila baada ya siku mbili ongeza maji katika maziwa hadi yabaki maji matupu, na mtoto mwenyewe ataanza kuisahau. Dawa ya maji ikilazimika usiku, apewe kabla ya mswaki. Mswaki wa usiku uwe kitu cha mwisho kugusa meno yake, kwa dawa yenye floridi ya angalau 1000 ppm, nayo imeandikwa kwenye boksi. Kwa kuwa sasa ana miaka mitatu, kiasi ni kama punje ya mbaazi, na asimamiwe ateme. Wazazi wengine huogopa floridi kwa kuwa wameona meno ya kahawia ya watu waliokulia maeneo ya Arusha, lakini yale yaliletwa na maji ya kunywa yenye floridi nyingi kwa miaka mingi, na mtoto anayetema dawa hafikii huko.

Vile visiki viwili lazima vionwe na tabibu karibuni. Tazama fizi juu yake kama kuna kijipu chenye usaha. Kikiwapo, mpeleke kesho. Magego yenye vitundu huenda yakazibwa bila sindano wala mashine, kwa kuondoa sehemu laini kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno inayotoa floridi. Njia hiyo ilianzishwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994, kwa hiyo usione haya kuiulizia.

Na chonge: mstari mweupe usio na kitundu ni madini yaliyotoka huku uso wa jino ukiwa haujaanguka, na mate yakishirikiana na floridi huweza kuyarudisha. Usiukwaruze kwa ukucha wala kwa kijiti. Kila baada ya wiki mbili mwinue mdomo kwa mwanga uleule wa simu na utazame. Sasa hivi mstari huo hauna mng'ao, ni kama chaki. Ukianza kung'aa, ujue umesimama.